Malalamiko: distribyuta mliyoniuzia si ya MGB

Kwa Meneja wa Gereji,

Salaam. Naandika barua maana wasap nimechoka nayo, kila nikituma ujumbe kijana wenu ananijibu "rudisha taimingi nyuma kidogo boss" (yaani nicheleweshe cheche ya plagi) halafu kimya.

Gari ni MGB ya 1967, ile spoti ya Kiingereza ya injini ya 1798 cc. Nililileta kwenu Nairobi mwezi wa tatu, shafti ya distribyuta (kile kifaa cha kugawa cheche kwenye plagi) inacheza, mkasema hii imekufa, tuna nyingine ya kampuni ya Lucas imefanyiwa ovaholi na ni ya gari hili hili. Nikalipa 38,000, risiti ninayo. Fundi wenu simlaumu, alilala chini na tochi kabisa, maana kwenye hizi gari alama za taimingi ziko kule chini ya puli ya krenki, shafti kuu ya injini (aliyezipanga huko sijui alitukosea nini), akapima pointi, akaweka cheche iwahi digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, injini ikiwa imezimwa, akawasha, ikaunguruma safi.

Basi nikateremka Mombasa. Mpaka Mtito Andei raha tupu, nimefungua turubai napigwa na upepo. Nimepita Voi, kila nikikanyaga mafuta nipite lori naskia kli-kli-kli, kama misumari imetiwa kwenye mkebe wa Kimbo mtu anautikisa, na kadiri joto la pwani linavyozidi na sauti inazidi. Nikapunguza mwendo hadi nyumbani, nikafika saa nne usiku.

Mkaniambia ni mafuta. Nikabadilisha petroli stesheni tatu, bado. Mkaniambia rudisha taimingi, nikarudisha hadi sifuri, kugonga kukaisha lakini gari likawa zito kama punda kabebeshwa mawe, na kwenye foleni ya Changamwe mshale wa temperecha unapanda tu. Nikairudisha 10 kama alivyoiacha fundi.

Jumamosi nikaazima taa ya taimingi kwa jamaa yangu. Nikachomoa paipu ya vakyumu (nayo huwahisha cheche) nikaiziba, nikapaka alama ya puli tipeksi ionekane, tukapandisha injini mpaka mizunguko 3,500. Digrii 40! Bila vakyumu hii injini inatakiwa iishie kama 30. Nikafungua distribyuta yenyewe, nikatoa rota, nikatoa bamba la pointi, chini pale penye springi na vyuma vya advansi (vinavyowahisha cheche mwendo wa injini ukizidi) pamepigwa namba ya digrii zao za mwisho, nikasugua kwa kitambaa chenye mafuta taa ikatokea 15. Ya gari langu inatakiwa iwe 10. Hizo ni digrii za distribyuta, krenki inazunguka mara mbili yake, kwa hiyo zenu zinaleta 30 juu ya zile 10 za fundi, ndio hizo 40 nilizoziona kwa macho yangu.

Sasa niambieni, hapo narudisha nini nyuma? Ukizungusha distribyuta unasogeza kila kitu pamoja, chini na juu, ile 15 iko pale pale. Na Nairobi hamkuskia chochote kwa sababu mko mita 1,700 hewani, hewa nyepesi, silinda haishibi, cheche ikiwahi inasamehewa. Huku usawa wa bahari hakuna msamaha. Tena mlijua gari linakaa Mombasa, niliwaambia siku ya kwanza na namba ya huku mkaiandika kwenye kadi.

Kinachoniuma zaidi ni plagi ya silinda ya tatu. Nimeichomoa, kwenye ule udongo mweupe kuna vidoti vidogo vya rangi ya fedha, kama mtu kanyunyiza unga. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni, jamani.

Nataka distribyuta ya MGB kweli, namba 10 ndani, mnipigie picha ikiwa imefunguliwa kabla haijapandishwa basi. Au 38,000 zangu. Na fundi wa huku akifungua hedi akakuta pistoni imelika, bili hiyo pia ni yenu. Habari za punguzo la sevisi ijayo sizitaki, msinitajie.

Gari liko chini ya mwembe limefunikwa, siliwashi. Distribyuta yenu nimeshaichomoa, iko kwenye boksi, nauli ya kuirudisha mtalipa nyinyi.

Mteja wenu wa MGB ya kijani,
Mombasa