Nani kapima hiyo "kidogo"?

Mhariri, ile habari yenu ya yule dada wa mbio za kuruka viunzi eti "ameteguka kifundo kidogo, wiki ijayo yuko uwanjani" imenikera sana. Miaka yote nasoma ukurasa wa michezo kimya kimya ila hii imenishinda. Kano za nje za kifundo, zile nyuzi zinazoshika mifupa, zikichanika halafu mtu akarudi mbio kabla hajafanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja mpaka balansi irudi, anateguka tena palepale, mwisho kifundo kinabaki kulegea.

Mimi nilikuwa mkimbiaji wa mita 400. Nikaanza kuumwa juu ya mguu, mbele ya kifundo, nikikimbia panauma nikipumzika panatulia, kocha akasema hiyo misuli tu weka barafu uendelee, eksirei ikatoka safi, basi ndo nikaitwa mvivu mbele ya wenzangu, nikakimbilia maumivu msimu mzima mpaka siku hiyo kwenye kona nikashindwa kabisa kukanyaga! Daktari mwingine akabonyeza kwa kidole kimoja tu palepale panapouma, akaagiza picha ya MRI, kumbe mfupa wa navikula, ule mdogo hapo mbele ya kifundo, una ufa. Ule mfupa katikati damu inafika kwa shida ndo maana unachelewa kupona, na ufa wake eksirei mara nyingi haiuoni. Nikawekwa plasta, wiki 6 natembea na magongo bila kukanyaga, na spidi yangu haikurudi tena.

Halafu watangazaji nao, mtu anachechemea wao wanamsifia ana moyo wa simba. Liu Xiang, yule mruka viunzi wa China, alipojitoa Olimpiki ya Beijing 2008 kwa ajili ya kisigino wako waliomsema vibaya, London 2012 kano ya kisigino ikakatika kwenye kiunzi cha kwanza kabisa, akamaliza kwa kurukaruka na mguu mmoja, ndo watu wakamlilia. Kwanini tunasubiri ikatike?

Naomba hivi, kabla hamjaandika "kidogo" mwandishi aulize: aliweza kukanyaga hatua 4? Mfupa ukibonyezwa unauma? Nani kampima? Hayo mawili ya kwanza ndo madaktari wanaangalia kuamua kama kifundo kipigwe eksirei, hayahitaji mashine. Na kocha asiwe yeye wa kuamua nani arudi, anataka medali huyo.

Wiki ijayo huyo dada akipangwa kukimbia, tuandikieni ni daktari gani kamruhusu.

Msomaji wenu, mkimbiaji wa zamani