Barua ya wazi kwa vijana wa visima mnaokwenda Niger

Wanangu,

Nimesikia safari yenu imeiva. Mmoja wenu alipita nyumbani juzi akaniuliza mambo mawili: joto la kule likoje, na mshahara unalipwa kwa fedha gani. Nilimjibu hata chai haijapoa. Mwezi wa nne joto hupita nyuzi 40 kivulini, na fedha ni faranga ya CFA. Akashukuru, akaondoka. Nikabaki na mengi ambayo hakuyauliza, na kwa kuwa miguu hainiruhusu kuwafuata mmoja mmoja, nimeamua kuyaandika hapa wote myasome.

Niger nilikwenda mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya ile njaa ya 2005, nikakaa miaka mitatu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ramani. Chini, kando ya mpaka wa Nigeria, majina ya miji yamebanana kama watu kwenye daladala: Maradi, Tessaoua, Zinder. Juu yake ni njano tu mpaka Algeria na Libya. Nchi ina kilomita za mraba 1,267,000. Tanzania nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Watu sasa wamepita milioni 26, na wengi wanaishi kwenye ule mkanda mwembamba wa kusini unaopata mvua kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Mimi mtoto wa Dodoma, niliyejiona naujua ukame, niliitazama ile njano nikasema moyoni: hapa hapana mwenyewe. Naogopa na nyinyi mtafika mkisema hivyo hivyo.

Sikilizeni yaliyonipata. Tulikuwa kaskazini ya Dakoro, mkoa wa Maradi, pale ambapo kilimo kinaishia na ufugaji unaanza. Tulipima ardhi siku nne, tukapata mahali pazuri kuliko pote: tambarare, maji yapo, hakuna shamba, hakuna nyumba, hata mti hakuna. Kwenye taarifa yangu ya siku ile niliandika, kwa mkono wangu huu, "eneo halina matumizi". Mabomba yakashushwa. Kesho yake asubuhi tukamkuta mzee mmoja wa Kifulani, kabila la wafugaji, ameketi katikati ya vigingi vyetu, fimbo mapajani. Hakugomba. Alisalimia kwa kirefu, kisha akamwambia mkalimani: "Mwulize mgeni kama anajua amesimama barabarani."

Barabara ipi? Mimi nilikuwa naona mchanga. Mzee akainuka, akanitembeza. Akachokonoa chini kwa fimbo, ukatoka mbolea mkavu wa ng'ombe, tabaka juu ya tabaka. Akanionyesha vichaka viwili viwili, huku na huku, kama hatua mia kati yake, vimekwenda sambamba mpaka macho yanapoishia. Wahausa, kabila kubwa la huko kusini, huita njia hiyo *burtali*. Mvua zikianza, mifugo hupanda nayo kwenda kaskazini kwenye majani mabichi na chumvi. Mavuno yakishaingia ghalani, hushuka nayo kwenda kula mabua mashambani na kuacha mbolea. Ukitoboa kisima katikati yake, mwaka wa kwanza watakuja watu kuchota. Wa pili watajenga vibanda, wa tatu watalima mawele. Wa nne ng'ombe watakuta njia imezibwa, watapita juu ya mawele, na hapo fimbo hutangulia na mapanga hufuata.

Haya si mapatano ya mdomo tu. Tangu mwaka 1961 sheria yao iliweka mstari wa kaskazini ambao mkulima akiuvuka, mazao yake yakiliwa na mifugo ni juu yake. Mwaka 1993 wakatunga kanuni nzima ya ardhi ya vijijini, na mwaka 2010 sheria ya ufugaji. Kuna kamati za ardhi mpaka vijijini. Sisi hatukuwa tumeiuliza hata moja. Tulihamisha kisima baada ya wiki mbili za mabishano, na mkubwa wangu wa kazi alinuna mwezi mzima kwa sababu vipimo vya mahali papya havikuwa vizuri kama vya kwanza. Kisima kilitoa maji kidogo kuliko tulivyotarajia. Lakini hakuna aliyeumizwa kwa ajili yake.

Hata jangwani kwenyewe mtajifunza kwamba patupu si patupu. Kwenye njia ya misafara kati ya Agadez na Bilma palikuwa na mgunga mmoja, peke yake kabisa, hata ukachorwa kwenye ramani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walichimba kisima karibu yake wakakuta mzizi wake umeshuka zaidi ya mita 30 kufuata maji. Mafundi wenzangu, hebu tafakarini: mita 30! Misafara ya chumvi iliutumia kama sisi tunavyotumia mnara wa msikiti. Mwaka 1973 dereva wa lori, mwenye jangwa zima la kupitia, akaugonga. Mabaki yake yako makumbusho ya Niamey, mji mkuu, nendeni mkayaone. Pale ulipokuwa wamesimamisha mti wa chuma. Nimewahi kucheka nikisimuliwa kisa hiki, halafu nikakumbuka vigingi vyangu vya Dakoro.

Miti nayo ina habari yake. Zamani za Mfaransa, na miaka mingi baada ya uhuru wa 1960, mti uliokuwa shambani kwako ulihesabiwa kuwa mali ya serikali. Basi mkulima akawa anaung'oa ungali mchanga, asije akalaumiwa nao. Miaka ya 1980, pale Maradi, baadhi ya wakulima wakaanza kuviacha visiki vilivyo hai chini ya mchanga vichipue, wakapunguza matawi, wakalima mawele katikati. Hawakuwa na kitalu wala miche ya kumwagilia. Jirani akaiga jirani. Watafiti walipokuja kutazama picha za angani walikadiria hekta zipatazo milioni 5 zimerudiwa na miti. Wanaopenda zaidi ni *gao*, mti wa jamii ya migunga wenye tabia ya ajabu: mvua zikija unapukutisha majani, mawele yanapata jua; kiangazi unavaa kijani, mbuzi wanapata kivuli na maganda ya kula. Kisiki hai mnachokiona sasa vijijini kwetu Dodoma ni njia hiyo hiyo. Kwa hiyo msiende mkijidai mnapeleka utaalamu. Mwingine umetoka kwao ukatukuta huku.

Wahausa njia hiyo huiita *sassabin zamani*, yaani kusafisha shamba kwa mtindo wa kisasa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani wananiambia ni desturi ya mababu, kumbe kwao *zamani* ni wakati wa leo! Tumechota neno kwa Mwarabu yule yule, sisi tukalipeleka nyuma, wao wakalivuta mbele. Mengine hayatawapa shida: *labari* ni habari, *lafiya* ni afya na salama kwa pamoja, na *Alhamis* haihitaji mkalimani. Jifunzeni salamu kabla ya Kifaransa. Tangu mwaka 2025 Kihausa ndiyo lugha ya taifa, lakini hata kabla ya hapo mwenye Kihausa alikuwa anapita milango ambayo mwenye cheti cha Kifaransa anabisha hodi mpaka jioni. Ulizeni amelalaje, nyumba haijambo, watoto, kazi, uchovu, joto. Msikatishe. Mtu wa Dodoma hapaswi kufundishwa hili, ila nimeona vijana wetu wakishapewa gari lenye antena wanasahau kwao walikuwa wanasalimiaje. Kwa Watuareg, watu wa jangwani, chai ni birauli tatu. Mkinywa moja mkaondoka, mmetukana.

Siasa nitaipitia haraka, nanyi ipiteni haraka. Jeshi lilichukua nchi tarehe 26 Julai 2023, na halikuwa mara ya kwanza. Baadhi ya majirani wakafunga mipaka, Nigeria ikakata umeme ambao Niger ilikuwa inautegemea kwa sehemu kubwa. Nchi isiyo na bahari ndipo inapoonekana: bandari waliyoizoea, Cotonou ya Benin, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Niamey, na lango likifungwa, mfuko wa saruji unapanda bei Zinder kabla redio haijatangaza. Uranium, madini ya kuzalishia umeme yanayochimbwa Arlit huko kaskazini, imesaidia kuwasha taa za Ufaransa kwa miongo mingi, na bado vijiji nilivyolala vilikuwa giza. Wenyeji watawapa maoni yao kuhusu haya. Sikilizeni, pokeeni chai, nyamazeni. La kiufundi ni hili: msifunge pampu ambayo kipuri chake hakipatikani soko la Maradi. Nimeacha nyuma yangu pampu mbili za namna hiyo, nadhani sasa ni nguzo za kufungia mbuzi. Na mkiambiwa barabara ya Tillabéri au Diffa haipitiki, msimtafute dereva jasiri.

Nimalizie na kazi yenyewe. Mtavikuta visima vya mkono vyenye panda za mti mdomoni, kapi juu yake, na kamba imefungwa kwa punda. Mtoto humswaga punda atembee moja kwa moja kuondoka kisimani, ndoo inapanda; ikifika juu mtu anapiga yowe, punda anageuka. Mchangani panachimbika kijia kilichonyooka kama rula. Urefu wa kijia hicho ndio kina cha maji. Kabla hujashusha kipimo chako, tembea kwenye kijia cha punda. Muulize pia mzee wa pale punda alikuwa anaishia wapi alipokuwa mdogo, maana majibu yatakuchanganya. Karibu na Niamey maji ya ardhini yamepanda kwa miongo, hata katika miaka ya ukame wa 1970 na 1980, kwa sababu pori lilifyekwa, ardhi ikafanya ganda, mvua ikawa inatiririka hadi madimbwini na kuzama pale kwa wingi. Kwingine yamekuwa yakishuka. Kitabu cha chuoni hakitawaambia ni wapi ni wapi.

Kijiji kile cha kaskazini ya Dakoro kina kisima cha zamani upande wa magharibi, mita chache kutoka mti mkubwa wa gao. Siku niliyoondoka nilitembea kijia cha punda kwa mara ya mwisho, nikapata hatua 84 za mtu wa kimo changu. Mmoja wenu akifika pale, azihesabu tena, aniandikie.

Mzee wenu wa visima,
Dodoma