Barua kwa Mhariri: Likizo gani hiyo ya kuamka saa kumi alfajiri?

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya juzijuzi ya wanandoa wa huku chini ya Kilimanjaro wanaotembeza wageni kwa farasi, najua unaikumbuka maana mliipa ukurasa mzima, picha kubwa mume wangu kavaa kofia na mimi pembeni nimeshika sufuria. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Mmekosea jina la kata yetu mara kibao nikanyamaza, mkaandika barabara yetu imekamilika wakati tunakula vumbi nikanyamaza. Ila hii ya "wanandoa walio likizoni mwaka mzima" hapana, hii imenishinda.

Tuanze na sufuria. Mwandishi wenu alinikuta nimeishika kwa sababu napeleka maji ya chumvi ya vuguvugu kuosha mgongo wa punda aliyechubuka. Hakuuliza. Akapiga picha, akaandika mume anaongoza msafara na "mama anahakikisha chakula kiko tayari". Mpishi tunaye jamani, kijana wa Sanya Juu, anapika kunishinda mbali, na alikuwa amesimama palepale. Mimi kazi yangu ni nyuma ya msafara. Baba watoto anatangulia, anasoma upepo na nyayo, mimi nafunga mkia, maana aliye nyuma ndiye anayeona mzigo umeanza kulala upande, farasi anachechemea, au mgeni anateleza kidogokidogo kwenye tandiko na anaona haya kusema.

Sasa hiyo likizo ikoje. Saa kumi alfajiri tuko macho tunapima mizigo kwa mizani ya kuning'iniza, begi la kulia na begi la kushoto lazima yalingane, maana kilo mbili tu zikizidi upande mmoja, ikifika mchana soji, yaani lile tandiko la mizigo, imeshazunguka na ngozi ya punda imekwanguka, na punda mwenye kidonda unamrudisha nyumbani anakula bure mpaka apone. Halafu farasi, kila kwato inachokolewa mawe, kila mkanda wa tumbo unapitishwa mkono kuangalia kama kuna mwiba au tope lililokauka. Mazungumzo yetu ya mahaba hapo ni "umekagua ile ya kushoto?" "nimekagua" "kagua tena". Tunaondoka pembeni ya msitu, tunapita ushoroba wa Kitendeni ambako tembo wanakatiza kati ya mlima na Amboseli ya Kenya, hawana habari na mpaka wala pasipoti, tunashuka mpaka mbuga za Sinya. Farasi hana injini, pundamilia wanamwangalia tu kama mwenzao wa kijiji cha pili, na tembo naye anaweza kukuacha umkaribie kuliko gari lolote, na hapo ndipo hela ya mgeni inapoenda na hapohapo ndipo unapoweza kufa. Upepo ukigeuka, mume wangu ananyanyua mkono tu, msafara mzima unasimama, na mimi huku nyuma namwomba mgeni kwa upole aache kuchezea hatamu kutafuta pozi la picha.

Usiku farasi wanafungwa kwenye kamba ndefu kati ya migunga miwili. Kuna fisi, na simba wanapita. Tuna vijana wa kulinda lakini farasi akistuka anataka sauti anayoijua, kwa hiyo mume wangu anakesha nusu ya kwanza na mimi nusu ya pili. Yaani tukiwa safarini mimi na mume wangu hatulali kwa wakati mmoja kabisa. Mwandishi wenu kaandika "mahaba chini ya nyota". Nyota tunaziona kweli, kila mtu na zamu yake.

Na masika je, wakati hakuna wageni, si ndiyo tunapumzika? Mvua zikikatika usubi wanazaana, na hao usubi ndio wanaosambaza ule ugonjwa mkubwa wa farasi wa Afrika, pundamilia anao mwilini haumsumbui, farasi anaweza kuwa mzima asubuhi na kesho yake povu linamtoka puani, umempoteza. Dawa ya kuutibu hakuna. Kuna chanjo kila mwaka, na kabla jua halijazama farasi wote wawe ndani ya banda mpaka kukuche. Kila jioni. Krismasi, harusi ya mdogo wangu, msiba, jioni ikifika mmoja wetu lazima arudi nyumbani. Ongeza kupe. Ongeza kujibu wateja wasap usiku wa manane kwa sababu kwao ni mchana. Watoto wanalelewa na bibi yao msimu ukichanganya, hilo nalo mngeandika basi.

Lakini sentensi iliyonikalisha chini kuandika ni ile "mtu yeyote anaweza, hata ambaye hajawahi kuona farasi". Mhariri, Jumamosi iliyofuata kaletwa hapa bwana harusi na mke wake kutoka mjini, wakala mmoja kawauzia fungate la farasi, fomu imeandikwa kilo 85. Mtu anashuka kwenye gari naona hapana, hizi 85 ni za mguu mmoja. Tuna mizani ya kupimia magunia ya pumba, nikamwomba kwa heshima zote, kaka yangu naomba upande hapa mara moja. 118. Farasi wetu mkubwa ana kama kilo 450, na hesabu inayofuatwa kwenye kazi hii ni abebe kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, tandiko likiwemo, yaani 90 na tandiko ndani yake, na siyo kuzunguka uwanja mara moja bali siku kutwa kwenye jua na mawe. Nikamweleza. Akatoa simu akanionyesha gazeti lenu! "Mama hapa pameandikwa yeyote, na wewe mwenyewe upo kwenye picha." Nikabaki mdomo wazi. Nikamwambia kwenye picha mimi nina sufuria, sijasema kitu. Akaanza mbona kwenye sinema wanapanda watu wakubwa kuliko yeye, mbona punda wanabeba magunia ya saruji, nikasema hao wanaobebeshwa saruji nao wakipata wa kuwasemea ningefurahi. Na sanduku lake sasa, lile gumu la matairi, anataka lifungwe juu ya punda, nikalifungua mbele yake, kulikuwa na pasi. Pasi ya umeme Mhariri, ya kwenda nayo Sinya! Bibi harusi alikuwa mwelewa, akapanda na alikaa vizuri tu, mume akatembea na vijana wa punda kama saa moja na raba mpya, akakaa kwenye jiwe akasema anataka hela yake. Wakala kazima simu. Ada za kuingia hifadhi ya jamii tulishalipia kwa kontro namba, hazirudi, kwa hiyo tumerudisha hela kutoka mfukoni mwetu, msimu wenyewe ndio kwanza unaanza.

Na kwa kuwa nimeshaandika, hili la punda kwa nini hamliandiki? Miaka ile machinjio ya Dodoma na Shinyanga yanafanya kazi, punda walikuwa wanaibwa huku usiku kwa usiku, ngozi zinapelekwa China kuchemshiwa dawa, na punda jike anabeba mimba mwaka mzima kuzaa mtoto mmoja, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaona haikai. Mwishoni mwa 2022 serikali ikazuia uchinjaji, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika kule Addis Ababa wakapiga marufuku biashara ya ngozi za punda bara zima. Mliandika lini? Mimi nilisikia redioni. Kina mama wa huku wanachota maji na punda, akiibwa ndoo inarudi kichwani kwao, ila kwenu punda anaingia gazetini akivishwa shada la maua tu.

Ninachopendekeza ni hiki. Mwandishi alikuja saa sita mchana na saa tisa alishaondoka. Arudi, nauli nitalipa mimi, afike Jumatatu siyo wikiendi, aje na begi laini lisilozidi kilo 12, alipime mwenyewe, afunge punda wawili peke yake na mizigo ifike mchana bila kulala upande, kisha achukue zamu yangu ya saa sita usiku mpaka alfajiri. Nyie huku mchapishe kwenye ukurasa uleule, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari, "MWISHO KILO 80, USIDANGANYE KWENYE FOMU". Pasi naye aiache kwao.

Msomaji wenu,
Longido