Uji hunywewa, hauliwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze yaliyompata baba yangu, mvuvi wa siku nyingi kutoka Ukerewe, alipovushwa kuja Mwanza kupasuliwa ngiri.

Usiku wa kuamkia upasuaji, muuguzi alipita wodini akamwambia, "Mzee, kuanzia saa sita usile kitu." Baba akaitikia. Alfajiri nikamletea uji wa ulezi, akanywa kikombe kizima. Alipoulizwa kama amekula, akajibu hajala. Hakudanganya. Kwake yeye, na kwangu pia, kula ni ugali na sato, uji hunywewa. Ni mimi niliyeutaja ule uji. Upasuaji ukaahirishwa, na tukafokewa mbele ya wodi nzima kwamba hatusikii.

Tulisikia vizuri sana, Mhariri. Hatukuambiwa sababu.

Sababu tuliipata siku mbili baadaye, kwa mtaalamu wa dawa za usingizi aliyevuta kiti akaketi karibu na baba. Alisema mtu akipewa nusukaputi, koo nalo hulala, hawezi kukohoa wala kujizuia. Kilichomo tumboni kikipanda huweza kuingia mapafuni, na hapo mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Hata anayechomwa sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, huambiwa asile, kwa sababu huenda ikalazimu alazwe usingizi kabisa. Uji na chai ya maziwa ni chakula, viachwe angalau masaa sita kabla. Maji matupu yanaweza kunywewa hadi yabaki masaa mawili.

Akamuuliza habari za meno yanayocheza, pumu, sigara na mitishamba. Baba, ambaye alikuwa amewaficha wote dawa yake ya mizizi, alimtajia huyu, kwa kuwa aliulizwa kwa upole.

Kilichomtisha zaidi mzee ni hiyo sindano ya mgongo, maana ndiyo aliyopangiwa. Huku kwetu wengi wanaamini inapoozesha. Aliambiwa atakuwa macho, atasikia sauti za watu na kuhisi anavutwavutwa lakini bila maumivu, na miguu itakuwa mizito kwa masaa machache kisha irudi. Aliporudishwa wodini miguu haijasogea, alinishika mkono akasema, "Tulia mwanangu, itaamka." Kitanda cha pili, mgonjwa aliyechomwa sindano hiyohiyo alikuwa akilia akidhani amekuwa kilema. Naye alikuwa ametia dole gumba kwenye fomu ya kukubali kama baba. Sijui kama kuna aliyemsomea.

Najua wataalamu wa usingizi ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini maelezo yale hayakufika hata nusu saa, na kuahirishwa kulitugharimu siku mbili za kitanda na kulala njaa mara ya pili. Naomba hospitali zetu zimwambie mgonjwa sababu, na zitaje uji kwa jina lake. Na sisi ndugu tuitwe wakati anapoelezwa, maana uji tunaupika sisi.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza