Mbona nyuki wanakufa kila ukipulizia ng'ombe dawa ya kupe?

Hili swali tunaulizwa sana hapa dukani Muheza, na wengi wanaouliza wana vyote viwili, ng'ombe wawili watatu wa maziwa bandani na mizinga michache imetundikwa kwenye michungwa nyuma ya nyumba. Mtu anafika analalamika mzinga ulikuwa umejaa, asubuhi anakuta nyuki wamezagaa chini, wengine wanazunguka kama walevi, na cha kwanza anachosema ni kwamba karogwa au mzinga tuliomuuzia una kasoro. Mzinga hauna kasoro jamani. Tukimuuliza jana ulifanya nini anasema aah, nilipulizia ng'ombe tu.

Sasa iko hivi. Dawa za kupe zinazotoka sana siku hizi ukisoma chupa utaona saipamethrini au deltamethrini. Hizo zinashambulia mishipa ya fahamu, na hazichagui huyu kupe huyu nyuki, tena nyuki hana ubavu kabisa, kidogo tu kimemtosha. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, ina nafuu kwa nyuki, kuna nchi wafugaji wanaiweka mpaka ndani ya mzinga kuua utitiri wa varoa, vidudu vinavyowanyonya nyuki, ila kama una punda hiyo usimpulizie, inamdhuru.

Utasema mimi nimepuliza ng'ombe, mzinga uko kule, dawa imefikaje? Imefika kwa maji. Nyuki hapendi sana maji safi ya bombani, anapenda yenye chumvichumvi, yale ya dimbwi la bandani yaliyochanganyika na mkojo na samadi. We nenda bandani saa nne asubuhi jua likishachanganya, utawaona wamejipanga ukingoni mwa dimbwi, wametoa ulimi wanafyonza. Ukipuliza asubuhi dawa inachuruzika tumboni na mkiani mwa ng'ombe inaingia dimbwi lile lile, na mabaki ya dawa kwenye bomba la kupulizia unayamwaga wapi? Hapo hapo.

Kwa hiyo puliza jioni jua likishazama, nyuki wamesharudi, na angalia upepo usielekee kwenye mizinga. Mabaki chimbia shimo mbali na kisima, na lile dimbwi lifukie. Halafu wape nyuki maji yao, beseni lenye mawe na vijiti vya kusimamia wasizame, unatia chumvi kidogo sana, liweke mbali na banda siku kadhaa kabla hujapuliza ili walizoee. Wengi hapa wanapuuza, wanaona kumuwekea nyuki maji ni mambo ya wazungu, lakini ndo penye mchezo wote.

Kuna waliotuambia basi wanaacha kabisa kupulizia. Hapana! Kupe wa sikio ndo analeta ugonjwa wa ndigana kali na ndama hana muda, leo tezi chini ya sikio zimevimba, joto kali, hali chakula, kesho kutwa anahema kwa shida na povu puani. Puliza, na usisahau ndani ya masikio, watu wanaloweka mgongo mzima masikio wanaruka. Na usipunguze dawa ili chupa iende mbali, hivo ndivo unavyofuga kupe sugu.

Dawa za asili hatuzikatai, sisi wenyewe wazee wetu wamefuga kwa hizo. Utupa ukitwanga majani ukaloweka ukampaka masikioni, kupe wanakufa kweli, una sumu ya rotenoni ndani yake. Lakini ndo huo huo watu wanaovulia samaki kwa kuwalevya, kitu ambacho sheria inakataza, kwa hiyo ndoo ya utupa usiende kuiosha mto Zigi, maji ya pale yanaingia bwawa la Mabayani na Tanga mjini wanayanywa. Mwarobaini nao unasaidia ila nguvu yake ndogo, lazima urudie rudie. Ndigana ikishaingia mwilini hakuna jani litakalomtoa, hapo mtafute mtaalamu wa mifugo mapema, kuna sindano ya buparvakwoni na inafanya kazi vizuri ikiwahi.

Asali kwenye kidonda cha ng'ombe au mbuzi ni dawa kweli, inavuta maji, bakteria wanashindwa kuzaliana. Osha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, paka, halafu funga kitambaa safi ubadilishe kila siku. Ukiacha wazi utaita siafu na inzi, na nyuki wenyewe watakuja kuichukua asali yao mgongoni mwa mbuzi wako, hapo mbuzi anakata kamba anakimbilia mashamba ya watu.

Asali tunaendelea kununua, masega yaliyofungwa na nta vizuri. Ila kama mzinga umepata dawa, nyuki wamekufa wengi mlangoni, asali yake usituletee na usiile.

Ukija kuchukua dawa ya kupe sema mapema kama una mizinga, au hata kama jirani anayo, tukuchagulie inayokufaa. Bomba la mgongoni tunakodisha, unachukua saa kumi jioni unarudisha kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi, limeoshwa, maana kuna wenzako wanalisubiri.