Wasifu wa bibi uandikwe angali hai

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Mara nyingi huandikwa usiku mmoja na wafiwa waliochoka, ndiyo maana bibi aliyeishi miaka 90 huachiwa tarehe, idadi ya wajukuu na ugonjwa uliomwondoa. Imani yake, na jinsi alivyojifunza kusoma ukubwani, havitajwi kabisa. Inasikitisha sana.

Kazi hii ifanywe mapema. Kikao cha dakika 40 kinatosha. Zaidi ya hapo mzee huchoka na kujibu kwa mkato. Redio izimwe, na simu ya kurekodia ilazwe juu ya kitambaa, kwa sababu meza tupu hupeleka kila kishindo kwenye sauti. Swali la "tuambie maisha yako" halizai kitu. Apewe picha ya zamani au kitabu chake cha sala, kisha aulizwe nani alimfundisha sala ya kwanza. Majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino hupenya. Nakala zihifadhiwe mahali pawili; simu hupotea.

Naomba gazeti lenu litenge safu ya kila wiki ya wasifu wa wazee walio hai, ulioandikwa na wajukuu na kusomwa kwanza na wazee wenyewe.