Jina la Sewa Haji lielezwe Muhimbili

Mhariri,

Mjadala gazetini mwako kuhusu nani agharamie matibabu ya wasiojiweza si mgeni Dar es Salaam. Mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo.

Jina lake limebaki kwenye jengo la wodi Muhimbili, na wengi wanaoambiwa "nenda Sewahaji" hawajui kama alikuwa mtu. Naiomba Wizara ya Afya iandike historia hiyo ukutani, kwa Kiswahili, pale ndugu wanaposubiri saa ya kuona wagonjwa. Muda wa kusoma wanao.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam